Wasifu wa Bibi: Kilo Mbili za Sukari Ziandikwe au Zifichwe?

SWALI

Shikamoo Mama. Mimi ni mjukuu wa kwanza wa bibi mzaa baba, na familia yetu inaishi Sinza. Bibi alifariki mwaka jana, tukamsafirisha na kumzika kwao Kongwa. Mwezi ujao tutakuwa na ibada ya shukrani ya kutimiza mwaka, kwanza hapa Dar es Salaam kanisani kwetu Anglikana, kisha Kongwa, ambako tutajengea kaburi na kusimika msalaba wa zege. Kikao cha familia kimenikabidhi kazi ya kuandika upya wasifu wake, kwa sababu ule uliosomwa msibani uliandikwa usiku mmoja na ulikuwa orodha tupu ya watoto, wajukuu, vitukuu na maradhi yaliyomwondoa.

Nimekusanya haya. Bibi alisema alizaliwa wakati Wazungu wanang'oa pori kwa matrekta, lakini kitambulisho chake kinasema 1942, na mwaka huo ndio ulioandikwa kwenye msalaba wa mbao. Alisema kipaimara aliwekewa mikono na askofu wa kwanza Mwafrika. Mama yake alikuwa mtoto wa njaa ya Mtunya, na Bibi mwenyewe hakuweza kulala katika nyumba isiyo na akiba ya unga. Alikuja Dar es Salaam kwa gari moshi kutoka Gulwe, akimfuata babu aliyekuwa akifanya kazi bandarini. Kanisani alikaa benchi la nyuma kwa miaka miwili kwa sababu ya ubani, ndipo akahamia mbele. Kila Alhamisi alikwenda kwenye ushirika wa ndugu.

Kuna mambo mawili yanayotugawanya. La kwanza, mwaka 1983, sukari ilipokuwa ya foleni, jirani aliyekuwa amejifungua alituma mtoto na kikombe kuomba sukari ya uji. Bibi akasema hana, ilhali kilo mbili zilikuwa ndani ya ndoo chini ya kitanda. Alhamisi iliyofuata alisimama mbele ya ndugu akalitaja jambo hilo, kisha akatoka moja kwa moja kuipeleka ile ndoo kwa jirani. La pili, baba yetu mdogo wa mwisho si wa tumbo la Bibi. Babu alimzaa nje, na Bibi akampokea akiwa na miezi minane. Shangazi anasema kuyaandika haya ni kumvua Bibi nguo mbele za watu. Niandike nini, niache nini?

*Mjukuu, Sinza*

JIBU

Marahaba, mjukuu wangu, na poleni tena kwa msiba ambao mwaka mmoja haujaumaliza.

Naanza na msalaba, kwa sababu zege likishakauka halisahihishwi kwa kalamu. Matrekta anayoyasema Bibi ni ya mradi wa karanga, ule ambao serikali ya Uingereza iliuanzisha baada ya Vita Kuu ya Pili ili ipate mafuta ya kula. Kongwa ilianza kufyekwa mwaka 1947, baadhi ya mashine zikiwa vifaru vya vita vilivyogeuzwa kuwa matrekta, na mwaka 1951 mradi wote ulikuwa umekwisha kufutwa. Askofu anayemtaja hana budi kuwa Yohana Omari, ambaye aliwekwa wakfu mwaka 1955 kuwa askofu msaidizi katika Dayosisi ya Central Tanganyika na kufariki mwaka 1963. Weka maneno haya mawili ya Bibi pamoja uone yanavyoshikana: binti aliyezaliwa kati ya 1947 na 1950 angekuwa na umri wa miaka kumi na miwili au kumi na mitatu katika miaka ya mwisho ya askofu huyo, na huo ndio umri ambao wengi hupata kipaimara. Aliyezaliwa 1942 angeweza naye kuwekewa mikono na askofu huyohuyo, hilo nakubali, lakini mwaka 1942 hapakuwa na trekta la karanga Kongwa.

Kwa hiyo mimi ningeamini kinywa cha Bibi kabla ya kadi. Wazee wengi wa rika lake walipoulizwa mwaka wa kuzaliwa mbele ya meza ya karani walitaja mwaka wowote uliowajia, au karani aliwakadiria kwa kuwatazama, na kosa hilo likawafuata hadi kaburini. Kabla fundi hajachanganya saruji, mtume mmoja wenu kwenye parokia ya Kongwa aombe kutazamiwa vitabu vya ubatizo na kipaimara. Huko ndiko kwenye wino wa siku yenyewe. Msipopata kitu, andikeni kwenye wasifu kwamba alizaliwa Kongwa wakati wa mradi wa karanga, na kwenye msalaba wekeni tarehe ya kufariki peke yake. Msalaba usio na mwaka wa kuzaliwa hauna aibu yoyote.

Sasa benchi la nyuma. Umelitaja kwa sentensi moja, nami nimerudi kulisoma mara tatu, kwa sababu ndani yake mna historia ambayo vijana wengi wa Anglikana wa Dar es Salaam hawaijui. Ugogo, yaani nchi ya Wagogo kwenu Kongwa na Dodoma, ulihubiriwa na wamisionari wa CMS (Church Missionary Society), waliofika Mpwapwa katika miaka ya 1870, watu wa Neno na mahubiri, wasiopenda madoido katika ibada. Pwani, Zanzibar, Tanga na Masasi zilikuwa za UMCA (Universities' Mission to Central Africa), misheni iliyotokana na mwito alioutoa David Livingstone kwenye chuo kikuu cha Cambridge mwaka 1857, na hao walikuja na Misa, kengele, mavazi ya rangi na ubani. Makanisa yote mawili ni Anglikana, na tangu mwaka 1970 yako ndani ya jimbo moja la Tanzania, lakini mke kijana aliyeshuka kwenye gari moshi akitoka Kongwa aliingia kanisani Jumapili ya kwanza akaona moshi unapanda mbele ya altare, na moyoni mwake hakujua kama yuko nyumbani kwa Baba yake au kwa watu wengine. Kule kukaa nyuma miaka miwili ilikuwa sala yake. Alikuwa anapima. Mwulizeni mzee yeyote wa umri wake pale kanisani ni nini kilichomhamisha mbele, kwa sababu mtu hahami benchi bila sababu, na sababu hiyo, ikipatikana, ina thamani kuliko maneno "alikuwa mcha Mungu" yakirudiwa mara kumi.

Maneno hayo ndiyo ninayokuomba uyapunguze. Katika Matendo ya Mitume, sura ya tisa, Petro anaitwa Yafa kwa sababu Dorkasi amefariki, na anapopandishwa orofani anawakuta wajane wanalia. Hawamwambii kwamba marehemu alikuwa mkarimu. Wanamwonyesha kanzu na nguo alizowashonea alipokuwa pamoja nao. Mimi huamini kwamba huo ndio wasifu bora uliomo katika Maandiko, na ulitungwa na wanawake ambao majina yao hayakuandikwa. Kila unapotaka kuandika kwamba Bibi alikuwa mwenye upendo, simama, ujiulize nguo iko wapi.

Ndiyo maana nasema sukari iandikwe.

Namwelewa Shangazi, tena namheshimu, kwa kuwa binti hulinda jina la mama yake, na kama angekuwa halilindi ningemshangaa. Lakini mwambie hivi kwa upole, na umwambie kwamba ni maneno yangu, si yako, ili asije akakuona umemkosea adabu. Ushirika wa ndugu ambao Bibi hakuukosa kila Alhamisi ni tunda la Uamsho wa Afrika Mashariki, ulioanzia Gahini nchini Rwanda katika miaka ya 1930, ukapita Uganda na Kenya, ukaingia Tanganyika hadi Dodoma. Kiini cha Uamsho ule kilikuwa kutembea nuruni: mtu anasimama, anataja kosa lake kwa jina mbele ya ndugu, anakwenda kulitengeneza kwa mikono yake. Bibi hakufumaniwa na mtu. Alijifunua mwenyewe, kwa hiari, kwa namna aliyoamini kwamba ndiyo njia ya wokovu. Tukilificha leo alilolitaja yeye mwenyewe mbele ya mashahidi, tutakuwa tumemtoa katika ushirika alioukaa maisha yake yote, tukamweka mahali pake bibi mwingine asiye na kosa, ambaye hata majirani hawatamtambua.

Tena angalia alilolifanya lilikuwa na uzito gani katika mwaka ule. Mwaka 1983 ndipo serikali, Edward Sokoine akiwa Waziri Mkuu, ilipoanzisha msako wa wahujumu uchumi, yaani waliodaiwa kuficha na kulangua bidhaa, na watu wa Dar es Salaam waliogopa hata kuonekana wamebeba mfuko wa sukari. Kusimama mbele ya kundi na kusema "ninazo kilo mbili chini ya kitanda" hakukuwa jambo dogo.

Na hapa nataka usome tena barua yako mwenyewe, kwa sababu umeandika mambo mawili mbalimbali ambayo kwangu ni jambo moja. Umesema mama wa Bibi alikuwa mtoto wa Mtunya. Mtunya ni njaa kubwa iliyoipiga Ugogo kuanzia 1917 hadi 1920, baada ya majeshi ya Wajerumani na kisha ya Waingereza kuchukua ng'ombe, nafaka na wanaume wa kubeba mizigo katika Vita Kuu ya Kwanza, na mvua nazo zikakosekana. Mtoto aliyeponea huko hukua akijua kwamba ghala tupu ni kifo, naye humlea binti yake hivyo hivyo, na binti huyo akija kuishi Sinza bado hulala usingizi akijua tu kwamba unga upo. Ile ndoo chini ya kitanda ilikuwa imetoka Kongwa, tena zamani kuliko Bibi mwenyewe. Sisemi kwamba jambo hilo linafuta kosa. Jirani alikuwa mzazi na kikombe kilirudi kitupu. Ninachosema ni kwamba msikilizaji akielezwa habari ya Mtunya kwanza, kisha akasikia habari ya ndoo, ataona jinsi ilivyomgharimu Bibi kuinama, kuivuta ndoo ile kutoka uvunguni na kuipeleka yote. Umesema aliipeleka ndoo, hukusema alipima kikombe kimoja. Usilipoteze hilo unapoandika.

Kama jirani yule yu hai, nenda ukamwone kabla hujaandika. Umpelekee na salamu za familia. Huenda akakumbuka mengine, na huenda yule mtoto wa uji yuko hapahapa mjini, mtu mzima sasa.

Habari ya baba yenu mdogo ni tofauti kabisa, na hapa hukumu yangu inaegemea upande mwingine. Kosa la sukari lilikuwa la Bibi, naye alikwisha kulitangaza. Kuzaliwa kwa baba mdogo si siri ya Bibi wala yako wala ya Shangazi. Ni maisha ya mtu aliye hai, ambaye siku ya ibada atakaa mstari wa mbele akitazamwa na waumini wote. Nenda kwake peke yako, si kwenye kikao, umsomee ulichoandika, umwulize angependa kutajwaje. Akisema andika, andika kwa sentensi moja isiyo na maelezo ya babu: kwamba alimpokea akiwa na miezi minane na akamlea kama mwanawe. Akisema usiandike, basi jina lake liende kwenye mfuatano wa watoto wa Bibi, mahali pake pa mwisho, bila neno la kuongeza, kwa maana hiyo pia ni kweli. Wala usishangae akikwambia jambo ambalo ninyi nyote hamlijui, kwa sababu mtoto aliyepokewa huangalia zaidi kuliko mtoto aliyezaliwa.

Kuhusu urefu nitasema kwa kifupi. Maneno mia sita husomwa kwa dakika tano au sita, na kanisani usizidishe hapo. Orodha ya watoto na wajukuu ichapwe kwenye kijitabu cha ibada, isisomwe. Maradhi yatajwe kwa mstari mmoja, maana Bibi hakuishi ili augue. Safari ya Gulwe usiisahau, hasa kwa kuwa ninyi sasa mtakwenda Dodoma kwa treni ya umeme iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024, na vitukuu watakuwa wanatazama dirishani ile nchi ambayo bibi yao aliivuka akielekea upande wa pili.

SWALI

Mama, bibi yetu tuliyemzika alikuwa Mkatoliki wa kujitoa kwelikweli, mwanajumuiya wa kila wiki, lakini mabinti zake wawili waliolewa na Waislamu, na nusu ya wajukuu wake ni Waislamu. Wanataka nao kusema neno siku ya kumbukumbu. Baadhi ya wazee wanasema haifai. Tufanyeje tusigombane?

*Msomaji, Mbagala*

JIBU

Mtenganishe mahali na mahali. Muda wa ndani ya Misa ni wa altare na una utaratibu wake, kwa hiyo nendeni mapema kwa paroko mkamwulize, naye atawaambia kama kuna nafasi ya kusema neno mwishoni. Mkutano wa nyumbani baada ya Misa ni wa familia, na huko mjukuu ni mjukuu. Katika jiji hili, ambako msiba mmoja huwa na kanzu na rozari kwenye jamvi moja, jambo hili si geni kwa mtu yeyote aliyekulia uswahilini.

Naomba mwangalie zaidi chakula, kwa sababu ndipo watu wanapokwazika bila kusema. Mbuzi achinjwe na mjukuu Mwislamu, kwa taratibu zao, ili sufuria iwe moja na kila mtu ale bila kuuliza. Na ikiwa bibi yenu alikuwa akifanya hivyo Krismasi, akimkabidhi kisu mjukuu wake na kusubiri, basi hilo ndilo neno la kwanza linalopaswa kusemwa siku hiyo, na ningependa lisemwe na huyo mjukuu mwenyewe. Wazee wanaopinga wapewe nafasi ya kufungua kwa sala. Mtu aliyeheshimiwa mwanzoni hupungukiwa na sababu ya kununa.

SWALI

Shikamoo. Bibi yangu ni Mlutheri, ana miaka 88, na ndiye nguzo ya ukoo wetu. Bado yu hai, namshukuru Mungu, lakini ya jana hayakumbuki, na kila nikimwambia "Bibi, tusimulie maisha yako" ananyamaza au anasema hana la kusema. Naogopa tutakuja kuandika wasifu mtupu. Je, kumuuliza sasa si kama kumchulia?

*Msomaji, Kigamboni*

JIBU

Marahaba, mwanangu. Si kumchulia. Kumwuliza ni kumpa heshima, ila swali lako ni kubwa mno kwake. Nani kati yetu, hata mwenye akili timilifu, anaweza kuambiwa asimulie maisha yake akajua pa kuanzia?

Mpe kitu mkononi. Mpe kitabu chake cha nyimbo, kile cha zamani chenye jalada lililochakaa, umwache afungue mwenyewe. Akianza kuimba, usimkatize hata akirudia ubeti mmoja mara nne, kwa kuwa yaliyoingia utotoni kwa wimbo hukaa hata mengine yakiondoka. Ukimaliza kumsikiliza, mwulize ni nani aliyemfundisha wimbo ule, na walikuwa wamekaa wapi, chini ya mti au ndani ya nyumba. Hayo ni maswali yenye majibu. Mwulize pia kanisa lao liliitwaje kabla ya 1963, maana katika mwaka huo makanisa saba ya Kilutheri ya Tanganyika yaliungana yakawa KKKT. Jina atakalokutajia litakuambia ubatizo wake uanze kutafutwa mkoa gani. Mwulize walikuwa wakivuka vipi kwenda kanisani mjini kabla ya daraja la mwaka 2016, pantoni lilipoharibika walifanya nini, na sadaka aliifunga wapi asiipoteze majini. Umwulize asubuhi, akiwa amekwisha kunywa chai, kwa sababu wazee wengi wa namna yake huchoka na kuchanganyikiwa jua linapotua. Akikosea jina la mtu, mwache, ulisahihishe baadaye kwa wengine.

Mwombe ruhusa kwanza, kisha mrekodi kwa simu. Usimwelekezee kamera usoni, atanyamaza. Simu ilazwe mezani karibu na kikombe chake, na jioni hiyohiyo sauti hiyo itumwe kwenye simu ya ndugu mwingine, kwa maana simu huibwa na huanguka baharini, hasa kwa watu wa pantoni. Dakika kumi zinatosha kwa siku moja. Anza Jumamosi hii asubuhi, na kitabu cha nyimbo kitangulie mezani kabla ya Bibi kuletwa.